Sauti Iliyokaa Chini ya Sauti ya Mjomba

Mteja akiniambia, "Sauti usihangaike nayo, weka muziki wowote mzuri," macho yangu yanaingia giza. Napokea kanda yake, natabasamu kwa sababu bibi amenikataza kugombana na watu barazani kwake, nakata kipande cha plasta, naandika jina, nabandika. Akishapita kona ndipo natukana. Mtu ana kanda ambayo ndani yake marehemu baba yake anaongea, anakohoa, anafukuza kuku aliyekatiza mbele ya kamera, halafu anataka niyafute yote hayo nimwekee kinanda. Wengine nimewarudishia kanda zao hapohapo. Kuna mama mmoja wa Kibirizi anawaambia watu mpaka leo kwamba yule binti wa kanda pale Ujiji ana jini.

Sina jini. Nina hasira, na nitaeleza ilikotoka.

Kazi yangu ni kuhamisha kanda za video za zamani kwenda kwenye diski. Nilijifundisha mwenyewe, kwa simu yenye kioo kilichopasuka, nikitazama wageni wakifungua deki na kuongea mbio mbio, nikirudisha nyuma, nikitafuta neno moja moja kwenye kamusi. Hakuna aliyeniongoza, na kwa hiyo hakuna aliyenionyesha mahali pa kuridhika. Picha ikiwa na mstari mwembamba mweupe chini, siku yangu imeharibika. Nikichoma diski naitazama yote, halafu naichoma upya kwa sababu nadhani nilisikia mkwaruzo. Kucha nimezila zimekwisha. Nikienda sokoni nageuka njiani kuhakikisha nimechomoa waya wa deki, na nikishahakikisha nageuka tena, kwa sababu labda wakati wa kuhakikisha niliuchomeka. Nayasema haya ili ieleweke ni mtu wa namna gani aliyekabidhiwa kanda ya mama yake.

Mama alifariki nikiwa sijajua kutembea vizuri. Sina ninachokumbuka, hata harufu. Nililelewa na bibi mzaa mama hapa Ujiji. Baba alihamia Mpanda, akaoa, akapata watoto wengine. Picha za mama zipo chache, zote kasimama wima kama anapimwa urefu. Mahali pekee ambapo anatikisika, anageuza shingo na kufungua mdomo, ni kwenye kanda ya arobaini yangu, siku ambayo yeye na mimi tulitolewa nje baada ya uzazi na watu wakaja kula pilau. Nilikuwa sijawahi kuisikia sauti yake. Kwenye kanda hiyo mdomo wa mama unafunguka, lakini anayesema ni mjomba.

Mjomba, kaka yake mama, alikuwa mtafsiri wa filamu. Wakati huo Ujiji ilikuwa na vibanda vya video, chumba cha mabati chenye mabenchi na televisheni moja juu kabisa, na yeye ndiye aliyekuwa mfalme wa kibanda kimoja nyuma ya soko. Alikaa gizani na kipaza sauti akiwasemea watu wote waliokuwa kwenye filamu, Wahindi na Wachina, jambazi na polisi, mama mkwe na farasi. Watu wazima wanasimulia kwamba walikuwa hawaendi kuona filamu, walikuwa wanakwenda kumsikiliza yeye. Siku ambazo hakuwa na filamu mpya alionyesha kanda za harusi na sherehe za mtaani, na watu walijaa ili wajione. Ila mjomba hakuweza kukaa kimya mbele ya picha. Alibonyeza kile kitufe cha deki cha kuingizia sauti, akakaa na kipaza sauti chake, akaijaza arobaini yangu yote maneno ya kwake. Bibi harusi, bwana harusi, maiti akipata nafasi, wote aliwasemea. Na mama yangu alimsemea.

Alimpa sauti nyembamba ya kubana pua, na Kiswahili cha Pwani, mama yangu ambaye alizaliwa Kasulu na kukua akiongea Kiha. Mama amekaa kwenye mkeka, kitenge kipya, mimi mapajani, pembeni yake shangazi, dada yake baba. Mdomo wa mama unafunguka. Sauti ya mjomba inasema: "Jamani mashoga, mie dagaa nimeziacha! Mwanamke kazi yake nyumba. Namshukuru mume wangu, kaniweka ndani kama yai!"

Hapo ndipo watu walipokuwa wanacheka kibandani. Na hapo ndipo ukoo wa baba ulipokuwa unacheka kila Idi, kwa sababu kanda ilitunzwa kwa shangazi, na kila Idi baada ya kula aliitoa kabatini, akaitumbukiza kwenye deki, na watu wote, hata watoto waliozaliwa juzi, walisubiri sehemu ile waseme kwa pamoja: "Kama yai!" Binamu zangu waliniita Yai. Niliitikia. Nilikuwa mtoto, nilidhani ni heshima.

Shangazi alikuwa na wimbo wake pia. Nikirusha kijiko, nikimjibu mtu, nikikataa kubadilisha nguo, alikuwa akisema: "Mama yako alikuwa mpole, maji ya mtungini. Hizo hasira sijui umezitoa wapi." Niliposhindwa kidato cha nne nikaanza kuhangaika na madeki mabovu, aliniambia: "Mama yako aliacha mwenyewe biashara yake ya dagaa ufukweni Katonga, kwa moyo mweupe, akakaa akulee. Wewe hata mume hutafuti, unatafuta misumari."

Nilikuwa naangalia ile kanda kwa namna nyingine. Midomo haikufuata maneno. Mjomba anasema "kama yai" na kunyamaza ili watu wacheke, na mdomo wa mama bado unakwenda, unakwenda sana, na kidole chake cha shahada kimenyooka, kinagonga hewa. Mtu anayeshukuru hanyooshi kidole. Nilijaribu kusoma midomo yake mpaka nikaumwa kichwa. Niliamini kwamba maneno yenyewe yameshafutwa, na kila Idi nilimchukia mjomba kimya kimya nikitafuna nyama yake ya mbuzi, kwa sababu mbuzi alikuwa analeta yeye.

Mwaka jana deki ya shangazi ilikufa, na kanda ikaanza kuota ukungu. Huku kwetu ziwa linaingia mpaka kabatini. Akanitumia ujumbe: "Njoo uichukue ile kanda ya mjomba wako, uiweke kwenye diski kabla ya Idi." Kanda ya mjomba wako. Hata sikumjibu, nilikwenda.

Niliifungua kwa bisibisi juu ya shuka safi. Ukungu ulikuwa umekaa pembeni ya mkanda kama unga wa muhogo. Niliupangusa kwa spiriti na kitambaa laini, pole pole, nikiwa nimefunga pua kwa kanga maana nilihisi hata pumzi yangu itauharibu. Halafu nikashindwa kuuchezesha. Siku nzima niliuzunguka. Ukichezesha mkanda wa zamani unaweza kukatika, vumbi linaweza kuziba kichwa cha deki, na mimi nilijua kwamba mkanda ule ukikatika mikononi mwangu nitaishi na jambo hilo mpaka kaburini. Kwa hiyo nilifanya ninachofanya nikiogopa: nikasoma. Nikakuta maelezo ambayo niliyarudia na kamusi hadi nikahakikisha sijakosea.

Kanda ya video ukiifikiria kama kanga, ina pindo na ina mji. Deki za kawaida huandika sauti kwenye pindo tu, ukingoni. Lakini kamera nyingine, zile kubwa nzuri, ziliandika sauti mara mbili: pindoni, na tena katikati, chini ya picha yenyewe. Kile kitufe cha kuingizia sauti kinafuta pindo peke yake. Hakiwezi kugusa mji bila kuharibu picha. Na deki za kawaida, kama yangu na kama ya shangazi, haziwezi kusoma sauti ya mji. Zinasoma pindo.

Nilisimama nikakaa. Nikasimama tena. Yote yalitegemea jambo moja: mjomba alitumia kamera gani?

Nilimkuta kwenye kibanda chake, siku hizi anauza vocha na kuchaji simu, ila bado anaongea kama ana kipaza sauti.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, fundi mitambo! Mbona umekonda kama waya wa antena? Bibi yako anakupa ugali au anakuonyesha tu?"

"Mjomba, ile kanda ya arobaini yangu. Kamera ilikuwa ya nani?"

Uso wake uling'aa kama mtu aliyetajiwa mchumba wa zamani. "Ile? Ile niliazima kwa mpiga picha wa harusi wa Kigoma mjini, ilikuwa imeingia kwa boti kutoka Bujumbura. Ya begani, nzito kama mtoto wa ng'ombe. Stirio! Ina maikrofoni mbele kama pua ya mbwa. Kwa nini?"

"Nataka kujua tu."

"Shangazi yako kaniambia unaichoma. Usiniharibie sauti, mama. Ile ni kazi kubwa. Sehemu ya yai uiongeze kidogo, isikike mpaka Mwandiga."

"Na mama je?"

"Mama yako ndiye yai mwenyewe," akasema, akacheka, akampa mteja simu yake. Nilimtazama mdomo ule. Nilitamani kuwe na kitufe.

Ilibaki kupata deki inayosoma mji. Hapa hazipo. Nilimwomba mama mmoja Mkongomani anayesafirisha vitenge na vyombo kutoka ng'ambo ya ziwa, nikamwandikia maneno ya kutafuta kwenye uso wa deki, herufi kwa herufi. Alirudi na deki ya kwanza, haikuwa na maneno yale. Nilimgombeza gatini Kibirizi mbele ya wapagazi, mtu aliyenisaidia bure, nikamwambia hajui kusoma. Aliniangalia, akasema, "Binti, mimi nasoma Kifaransa. Hiyo karatasi yako imeandikwa kama kuku kakimbizwa." Wapagazi walicheka. Alistahili kuniacha, lakini safari iliyofuata alinishushia deki nyingine, nyeusi, imefungwa kwa kitenge, na maneno yalikuwepo.

Nilisafisha deki ile kupita kiasi. Nilijaribu kwanza kanda mbovu, halafu kanda nyingine, kisha nikasema leo umeme si mzuri, kesho. Kesho nikasema kuna vumbi. Bibi alipita na uteo wake wa mchele, akasema, "Unaitazama hiyo kanda kama inadaiwa. Iwashe au uirudishe." Ilikuwa asubuhi, jua limejaa chumbani. Nikaiwasha.

Kwanza mlio wa hewa. Halafu watoto. Halafu sufuria linakwaruzwa na mtu anasema, "Punguzeni moto, pilau litashika." Nilijua picha zile kuliko uso wangu, lakini nilikuwa sijawahi kujua kwamba zina jogoo, na kwamba nyuma ya ukuta kulikuwa na mtu anapasua kuni. Mjomba wa pindoni hakuwemo. Kamera ikageuka kwenye mkeka. Shangazi akainama, sauti yake ya usichana, laini, ile ambayo hakuwa nayo tena:

"Wifi, umesikia lakini. Mumeo kasema Katonga basi. Umeshapata mtoto sasa."

Na mama akafungua mdomo.

Sauti nzito. Nzito kuliko yangu, yenye mchanga ndani yake, Kiswahili cha Kiha kilichokatwa katwa. "Kasema nani? Kaniambia mimi au kakwambia wewe?"

"Wifi, kamera hiyo."

"Iache ichukue. Ndiyo nataka ichukue!" Na hapo kidole kikanyooka, kidole ambacho nilikuwa nakitazama tangu utoto. "Mbalamwezi hii ikiisha, giza likirudi, mitumbwi inatoka, na mimi nitakuwa Katonga, mchangani, nangoja dagaa zangu. Anayetaka kuniona nimekaa ndani aoe picha."

Wanawake wakacheka, cheko la kushtuka. Karibu kabisa na maikrofoni, sauti ya kijana ikanong'ona. Ilikuwa ya mjomba, aliyekuwa ameshika kamera: "Dada, taratibu. Wakwe wanasikia."

"Nawe shika kamera yako! Na huyu," akanipiga piga mgongoni, mimi yule wa mapajani, "huyu nitambeba. Akinuka dagaa, anuke. Ndizo zitakazomlisha."

Mlangoni bibi alikuwa amesimama, uteo umeinama, mchele unamwagika na yeye haoni.

"Huyo ndiye," akasema. "Yule wa Idi simjui."

Ndipo nilipoelewa kwa nini kila Idi, kanda ikitolewa kabatini, bibi alikuwa anainuka kwenda kuosha vyombo uani kwa watu.

"Alirudi Katonga?" nikamuuliza.

"Alirudi. Wewe mgongoni. Ulikuwa unanuka dagaa mpaka nikawa nakuogesha na limau." Alianza kuokota mchele. "Alifanya kazi mpaka ugonjwa ulipomlaza. Wao wanasema aliacha. Mimi niseme nini, kwenye nyumba yao, na sauti yenyewe ya mwanangu wa kiume inasema aliacha?"

Watu wanaweza kufikiri kwamba nililia kwa furaha. Nililia, ni kweli, lakini ilikuwa hasira tupu. Miaka yote ile nilikuwa naomba radhi kwa hasira zangu kama mtu mwenye kidonda kinachonuka. Nilikuwa naenda msalani kujipiga makofi mashavuni baada ya kumfokea mteja, nikijiuliza hii tabia imeingilia wapi, wakati mama yangu alikuwa mtungi wa maji. Na wote walijua! Shangazi alikuwa pembeni yake kwenye mkeka, maneno yaliingia kwenye sikio lake mwenyewe. Akachagua ya mjomba kwa sababu yalikuwa yanapendeza.

Idi ilipofika nilivaa vizuri, nikaenda na bibi kwa shangazi. Nilikuwa nimechoma diski yenye sauti ya mji peke yake. Sikumwambia mtu. Watu walikuwa wamejaa sebuleni, waliokaa kwenye makochi na waliokaa chini, sahani za biriani bado mikononi. Mjomba alikuwa amepewa kiti cha katikati kama kawaida yake.

"Haya, fundi!" akapaza sauti. "Tuonyeshe mambo ya zamani kwenye mtambo wa kisasa. Mabibi na mabwana, kaeni mkao wa kula!"

Nikaweka diski. Mlio wa hewa ukaja, watoto, sufuria.

"Mbona kelele?" shangazi akauliza. "Sauti ya mjomba iko wapi?"

"Umechomeka vibaya," binamu mmoja akasema. "Bonyeza hapo pembeni. Yai, bonyeza."

Sikubonyeza. Kamera ikageuka kwenye mkeka. Watoto walikuwa wameshavuta pumzi kwa ajili ya kusema "kama yai", wakabaki nayo. "Kasema nani?" mama akauliza sebule nzima. "Kaniambia mimi au kakwambia wewe?"

Sikuitazama televisheni, niliijua. Nilimtazama shangazi. Alikuwa ameshika kijiko cha kupakulia na mkono umebaki hewani, na uso wake ulikuwa unabadilika kama anayesikia hodi ya mtu aliyemsema vibaya. Mama aliposema "aoe picha", kijana mmoja nyuma alicheka kwa nguvu, cheko la kweli, halafu akajifunika mdomo. Bibi hakuinuka kwenda kuosha vyombo. Alikaa.

Kanda ilipofika kwenye pilau, shangazi alizima televisheni kwa mkono, hakutafuta rimoti.

"Siku ya Idi," akasema. "Siku ya Idi unaniletea ugomvi wa watu waliokufa. Nani kakutuma?"

"Ni sauti ya kanda yenyewe, shangazi. Sikuongeza kitu."

"Nilikwambia uhamishe kanda, sikukwambia uchimbe!"

"Ulikuwepo," nikasema. "Ulikuwa umekaa pale pale. Ukaniambia alikuwa mpole. Ukaniambia aliacha mwenyewe."

"Sikiliza mdomo huo! Hizo hasira sijui..." Hakumaliza. Wote tulikuwa tumetoka kusikia zilikotoka. Aliweka kijiko chini, akaenda jikoni, na sauti za vyombo zilizotoka huko zilikuwa za mtu anayetaka visikike.

Mjomba hakusema neno. Ilikuwa mara ya kwanza nimemwona mbele ya picha akiwa kimya.

Alikuja baada ya siku chache, chumbani kwangu, akakaa kwenye kiti cha wateja. Nilikuwa na maneno tayari, nimeyafanyia mazoezi kwenye kioo, kwa mpangilio. Nikayasema yote bila mpangilio wowote. Nilimwambia amemfuta dada yake. Nilimwambia alimfanya kikaragosi wa kuchekesha wavuta bangi wa nyuma ya soko. Nilimwambia kwamba nilipokuwa mdogo nilikuwa naigiza ile sauti ya kubana pua kitandani, peke yangu, nikidhani naongea kama mama. Hilo sikuwa nimelipanga kulisema.

Alikuna goti. "Wakwe walikuwa wanakuja kibandani," akasema. "Baba yako alikuwa anakuja na rafiki zake. Ningeonyesha vile, dada yangu angerudishwa nyumbani kesho yake, na mtoto wangechukua. Nilimkinga."

"Dagaa zake zingemlisha."

"Wewe unasema sasa. Una deki na mlango wa kufunga."

"Ungeacha tu kuionyesha, mjomba. Ungekaa kimya."

Akafikiri. "Mimi?" akasema, na hapo nilitaka kumrushia bisibisi, kwa sababu alitabasamu.

Halafu akasema kilichomleta. Kanda zake zote za kibandani zilishaoza, nyingine zilitupwa, nyingine watoto walizifanya kamba za vishada. Ya arobaini ndiyo pekee iliyobaki yenye sauti yake ya wakati ule. "Ukiichoma bila mimi," akasema, "basi mimi nilikuwa nauza vocha tu maisha yangu yote. Niweke, mama. Hata kwa chini."

Nikamwambia aondoke. Akaondoka, akaniachia miwa aliyokuwa ameniletea.

Sasa mimi nina sheria yangu, ile inayonigombanisha na nusu ya mji. Kilichomo kwenye kanda nakihamisha kilivyo. Sipunguzi, siongezi, siweki kinanda. Nilishamfukuza mzee wa watu kwa sababu alitaka nimkate mke wake wa kwanza kwenye picha. Na pindo la kanda ile lina sauti, nzuri, safi, isiyo na mkwaruzo hata mmoja, ya mtu ambaye simtaki. Nilikaa na jambo hilo nikitafuna kidole gumba mpaka kikatoka damu. Nilijiambia kwamba yake ni uongo. Lakini kikohozi nacho nimekihamisha, na kuku, na wageni waliolewa wakijisifu. Sijawahi kuuliza kanda ya mtu kama inasema kweli.

Nilimchukia mjomba zaidi kwa kunilazimisha niwe mwaminifu kwake.

Diski inaweza kubeba sauti mbili kwa picha moja, kila moja njia yake, na mtazamaji anachagua kwa rimoti. Nilijifunza namna ya kufanya hivyo kwa taabu, nikaharibu diski nyingi, nikamfokea bibi, nikamwomba radhi, nikamfokea tena. Mwishoni ikakubali. Njia ya kwanza ni mama. Ukiweka diski ukakaa tu, utamsikia yeye, kidole na mdomo vinakwenda pamoja, hakuna neno linalobaki nyuma. Njia ya pili ni mjomba, mzima, na yai lake. Sikuipunguza sauti yake hata kidogo, ingawa nilijaribu, nikairudisha.

Nikampelekea shangazi diski yake, na mjomba ya kwake. Shangazi aliipokea kwa ncha za vidole, akauliza, "Na sauti ya zamani imo?"

"Imo."

"Inapatikanaje?"

"Kuna kitufe kwenye rimoti," nikamwambia.

"Kitufe gani?"

Ninakijua. Ningeweza kumwonyesha kwa sekunde moja. Rimoti ilikuwa pale juu ya kochi, kati yetu, na yeye alikuwa ananyoosha mkono anipe.

"Kitafute, shangazi," nikasema, na nikaenda zangu kupanda pikipiki. Niliposhuka Ujiji nikaanza kuwaza kama nilizima deki.